Bunduki ya Kimo Changu

Wiki iliyopita fundi alikuja kutengeneza mashine za kufulia katika jengo ninaloishi. Alipomaliza alidondoshea mafuta mepesi bawaba za mlango, akafuta yaliyozidi kwa kitambaa, na harufu ile ikanifikia nilipokuwa nimesimama na kapu langu la nguo. Ni harufu kali kidogo, yenye utamu wa mbali. Mara nikajikuta nina miaka kumi na moja, nimekaa sakafuni katika nyumba ya baba kule Alief, mtaa wa Houston, gazeti limetandazwa kwenye zulia, bunduki imelazwa juu ya gazeti, na baba yangu anapaka mafuta taratibu kama anayempaka mtoto mchanga. Hatukuwa na la kuambiana, lakini angalau mikono yetu ilikuwa na kazi.

Wazazi wangu waliachana mwaka 2017. Mama, ambaye ni muuguzi, alipata kazi upande wa Arlington, kaskazini mwa Texas, tukahamia Mansfield katika nyumba ambayo gereji yake ilikuwa kubwa kuliko sebule. Baba alibaki Houston akiendesha lori la kusambaza mikate. Mama ni Mluhya na baba ni Mkamba, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani kwetu. Walipoachana, hata Kiswahili kiligawanywa kama vyombo. Mama alibaki na cha kunituma na kunikaripia. Baba akabaki na cha maswali.

Kila Ijumaa ya pili alikuja kunichukua. Mwendo ni kama saa nne, ukikuta magari ni tano. Ataniuliza shule iko aje, nitamjibu, “Fine.” Ataniuliza chakula cha shule, “Fine.” Baada ya hapo tulisikiliza redio hadi Houston. Jumamosi alinikaangia mayai na chapati za kununua, akafua, akapiga pasi shati lake la kazi, na kila baada ya muda alinichungulia sebuleni kama mtu aliyeachiwa mgeni na mwenyeji aliyetoka kidogo. Kwamba alinipenda sina shaka. Tatizo lake ni kwamba hakujua upendo huo auweke wapi.

Shuleni Mansfield nako sikuwa na mtu. Sikuonewa, nisije nikawadanganya. Hawakuniona tu. Nilikula chakula changu mwisho wa meza, nikimaliza haraka ili niende maktaba.

Kisha ikafika Novemba, msimu wa kuwinda kulungu ukafunguliwa, na Jumatatu yake nusu ya darasa walikuja na picha. Wavulana kwa wasichana, wamevaa fulana za rangi ya chungwa, wameinua pembe za kulungu aliyelala kwenye majani makavu. Msichana tuliyekaa dawati moja, Brinley, alikuwa na picha tatu. Akanionyesha zote, kisha akaniuliza kama mimi huwinda.

Nilisema ndiyo. Nilisema huwinda na baba yangu, huko Houston, na kwamba sisi Wakamba ni watu wa kuwinda tangu zamani, kwa pinde na mishale. Hilo la mwisho lilikuwa na ukweli ndani yake, ingawa babu yangu mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeogopa mbwa. Brinley aligeuza kiti chake chote kunielekea. Wiki ile nilikula katikati ya meza.

Baadaye aliniuliza bunduki yangu ni ya aina gani. Nikamwambia iko kwa fundi. Mama alizoea kusema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na urefu wa saa nne na ilielekea Alief.

Ijumaa iliyofuata, tulipokwisha kupita Corsicana, nilimwambia baba nataka bunduki ya kuwinda kulungu.

Hakukanyaga breki. Alinyoosha mkono akapunguza redio, akaendesha hadi kituo cha mafuta kilichofuata. Pale akazima gari na kuniuliza kama nimetaniwa na mtu. Nikamwambia hapana, wenzangu wote wanazo, na ziko za watoto. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. Nilijua atakataa. Nilikuwa hata nimeanza kuona nafuu, kwa sababu mtu aliyenyimwa na baba yake ana jambo la kusimulia mezani.

“Basi acha niulize watu,” akasema.

Na kweli aliuliza. Kazini kwake alikuwepo mzee mmoja Mzungu, Dale, aliyepakia malori na aliyekuwa na kipande cha ardhi yenye kulungu, mwendo wa saa mbili kutoka Houston. Dale akamweleza kwamba mtu mzima anayempeleka mtoto kuwinda lazima kwanza yeye mwenyewe asome somo la usalama. Baba akajiandikisha. Darasa lilifanyika Jumamosi yangu, kwa hiyo nilikwenda naye. Chumba kizima kilikuwa na watoto wa rika langu, na katikati yao baba yangu, magoti yamegota meza, anaandika kila neno la mwalimu katika daftari la mraba kama anayejiandaa kwa mtihani wa taifa. Mwalimu alipouliza swali, aliinua mkono. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Mama aliposikia, alimpigia simu mbele yangu. Hakupaza sauti. Mama akikasirika kweli sauti yake hushuka chini, neno moja moja, kama anayesoma dawa kwenye chupa.

“Usiniambie mtoto akililia wembe mpe,” alisema. “Mtoto mweusi na bunduki, Mutua, Texas hii? Umefikiria nani atamwona kwa mbali?”

Sikusikia jibu la baba. Lilikuwa refu, na mama alilisikiliza lote amesimama, mkono mmoja kiunoni. Mwishowe alisema bunduki haitakanyaga nyumba yake, na kwamba itakaa Alief ndani ya kabati la chuma ambalo ufunguo wake sitajua uliko. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Nilijua kwamba amekubali. Kilichomfanya akubali sikukijua.

Tulikwenda kuichagua majira ya kuchipua ya mwaka 2018. Duka lilikuwa baridi kama jokofu, na bunduki zilisimama ukutani safu kwa safu. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa mnyororo. Baba alimsalimia kwa adabu nyingi mno, akavua kofia, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta ambapo kila mtu angeweza kuiona. Akaniambia kwa sauti ya chini nisiguse chochote mpaka nipewe mkononi.

Mimi jicho langu lilikuwa limekwisha kutua kwenye bunduki ndefu yenye kitako cha mti wa kahawia, inayong'aa kama meza ya kanisani. Ilifanana na ya kwenye picha za Brinley. Baba naye aliipenda, kwa sababu nyingine. Alisema mtoto hukua, tuchukue kubwa niingie ndani yake polepole, jinsi alivyonunuliwa yeye sare ya shule.

Yule mama hakucheka. Alinipa ile ndefu baada ya kuhakikisha ni tupu, akaniambia nikunje mkono, nikiweke kitako kwenye kiwiko, ninyooshe kidole nione kama kitafika kwenye kifyatulio. Hakikufika. Akaniwekea begani, na mtutu ukaanza kuinama wenyewe kuelekea sakafuni. Akamweleza baba kwamba bunduki kubwa humpiga mtoto bega, mtoto akipigwa hufumba macho, na mtoto aliyezoea kufumba macho huchukua miaka kuyafumbua tena.

Akaleta nyingine, fupi, nyeusi, ya plastiki, isiyo na uzuri wowote. Kidole kilifika.

Sasa baba akaanza maswali. Ikidondoka, inaweza kulia yenyewe? Mtoto akiishika kwa saa nzima atachoka? Risasi yake yatosha kumwangusha kulungu mara moja, bila kumtesa? Itampiga bega kiasi gani, ampige na yeye kwa mkono aone? Yule mama alimpiga begani kwa kiganja, puu, na baba akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Watu wawili nyuma yetu walichoka kungoja wakaondoka. Halafu akauliza, akikua je? Mama yule akatoa vipande bapa vya plastiki vinavyochomekwa kwenye kitako ili kukirefusha kadiri mtoto anavyorefuka. Baba alivigeuzageuza mkononi. Aliuliza vitamfikisha umri gani. Kumi na sita, akajibiwa, labda zaidi.

“Ni hii unataka?” akaniuliza baba.

Nilitaka ile ya mti. “Yes,” nikasema.

Miezi iliyofuata kila Jumamosi yangu ilikuwa ya shabaha, kwenye uwanja wa kufyatulia risasi. Niwaambie ukweli ambao sikumwambia mtu wakati ule. Niliuchukia uwanja ule. Hata nikiziba masikio, mlio uliniingia kwa meno. Nilijifunza kuvuta pumzi, kuitoa nusu, kukandamiza taratibu, na kila nilipokandamiza nilikuwa nimeng'ata shavu kwa ndani. Baba alisimama nyuma yangu. Kila risasi ilipotoka aliinamisha kichwa ghafla, nami nilidhani anatazama upepo kwenye nyasi, maana mwalimu wa lile somo alikuwa ameuzungumzia sana. Kisha aliuliza, “Umefurahia?” Nikasema ndiyo. Uso wake ulilegea, tukaenda kula samaki wa kukaanga, na jioni tukatandaza gazeti.

Novemba Dale alitukaribisha kwake. Tuliingia kwenye kibanda cha mbao mchana, viti viwili vya kukunja, dirisha bila kioo. Ilinukia vumbi na mavi ya panya. Tulikaa saa tatu bila kusema, na kwa mara ya kwanza ukimya wetu ulikuwa na sababu. Jua lilipoanza kuinama, kulungu jike alitoka kwenye mierezi, akasimama, akainamisha shingo.

“Ukiwa tayari,” baba alinong'ona.

Sikuwa tayari. Lakini niliona jasho juu ya mdomo wake, baridi yote ile, nikafikiri ni hamu. Nikatoa pumzi nusu. Kulungu aliruka mara moja, akaenda hatua chache, akaanguka.

Tulimfikia. Jicho lake lilikuwa wazi na lenye kope ndefu. Baba alifungua daftari lake la mraba kwenye ukurasa alioandika namna ya kumpasua, akapiga goti, akatoa kisu, akabaki hivyo. Kisha akainuka akaenda nyuma ya gari. Nilisikia akikohoa sana. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, akasema amepatwa na baridi. Nikamwamini, nikampa skafu yangu. Dale ndiye aliyefanya ile kazi, kwa haraka. Halafu akatupiga picha. Mimi nimevaa fulana ya chungwa, baba ameivaa skafu yangu yenye nyota, na wote wawili tunacheka kwa meno.

Jumatatu niliipeleka picha shuleni. Lakini ulikuwa mwaka mwingine, shule nyingine, sasa tuko darasa la sita. Brinley nilimwona koridoni na marafiki wapya, akaitazama picha, akasema nzuri, akaendelea na safari yake. Nilikula mwisho wa meza. Ile picha niliiweka ndani ya kitabu cha maktaba nikasahau kuitoa, na kitabu kikarudi.

Sasa hapakuwa na sababu ya kuendelea, ila nilishindwa kumwambia baba. Mtu aliyesoma darasani na watoto kwa ajili yako utamwambiaje kwamba yamekwisha? Mwaka mzima wa 2019 tulikwenda uwanjani. Akachomeka kipande cha kwanza kwenye kitako, akapima mkono wangu, akafurahi.

Halafu, mwaka 2020, likaja gonjwa la korona. Mama alikuwa wodini kila siku, na waliafikiana nisisafiri. Uwanja ulifungwa. Baba alinipigia kila Jumamosi, na Jumamosi moja ya Aprili, baada ya “fine” zote kuisha, aliniuliza kama nimeukumbuka uwanja. Nilichelewa kidogo kujibu. Labda huko kuchelewa ndiko kulikompa nguvu.

“Mwende, nikwambie kitu,” alisema. “Mimi ule mlio sijawahi kuuzoea. Hata siku moja.”

“Hata mimi, Daddy.”

Nilimsikia akivuta kiti. Kisha akauliza, polepole, sasa tulikuwa tunaenda kufanya nini huko. Akaanza kucheka, nami nikacheka, halafu sote tukaacha kwa wakati mmoja.

Bunduki alimpa Dale kwa ajili ya mjukuu wake. Safari zangu zilirudi baadaye mwaka ule, na Jumamosi zikarudi kuwa ndefu. Ilibidi tuanze kutafutana upya, safari hii bila kitu cha kushika, na haikuwa rahisi. Ziko Jumamosi nyingi zilizopita bure.

Nilikuwa nimekwisha kumaliza sekondari nilipomuuliza kwa nini hakusema mapema, zaidi ya miaka miwili yote ile. Alikuwa anamenya viazi, mgongo kwangu.

“Ningesema ungeacha kuja,” alijibu.

Nilimkumbusha kwamba nilikuwa mtoto, kwamba Ijumaa zile zilipangwa na mahakama, kwamba nisingeweza kuacha hata ningetaka. Alisema analijua hilo. Alisema alikuwa anasema juu ya kuja kwa aina nyingine. Kisha akaosha viazi.

Siku zile nilijiona mimi peke yangu ndiye niliyebuni uongo ili mtu ageuze kiti anielekee. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mzima, mwenye lori na funguo na ndevu, anaweza kukaa saa tatu ndani ya kibanda cha mbao akiogopa jambo lile lile, bega lake likigusa langu.