Sauti Iliyotakiwa Kufutwa

Watu wa Kisumu wamemsikia Dorca maisha yao yote na hawamjui. Gitaa la besi kwenye ule wimbo wa harusi unaopigwa kila Desemba mpaka maharusi wenyewe wanauchoka ni lake. Kinanda kwenye kanda za kwaya mbili zisizosalimiana ni chake. Orutu, ule uzi mmoja unaolia nyuma ya mwimbaji fulani aliyejenga ghorofa kwa kilio hicho, aliupiga Dorca, na mwimbaji mwenyewe akikutana naye njiani humwita "sista" kwa sababu jina limemtoka. Ukiiondoa mikono ya Dorca kwenye redio za kando ya ziwa, asubuhi nzima utabaki na matangazo ya mbolea.

Alizaliwa Usenge, ufuoni, kwa mama anayeanika omena, dagaa wa ziwani. Muziki ulimwingia kwa ajali. Mpiga ngoma wa kanisa alishindwa kuamka Jumapili ya Pasaka kwa sababu ambazo kanisa zima lilizijua, na Dorca, binti wa miguu mirefu na haya nyingi, akasukumwa mbele akaokoe ibada. Aliiokoa. Baada ya ngoma kikaja kinanda, baada ya kinanda gitaa, na kila alichokishika kilimtii. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa anasikia tu, kisha vidole vinafuata.

Mdogo wake, Tom, hakuwa na kipaji hata cha kupiga makofi. Alikuwa mtu wa kukosea wimbo wa taifa. Lakini ndiye aliyekuwa msikilizaji wa Dorca, akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuuliza swali lake moja: "Huo ni wa nani?" Dorca akisema ni wake, Tom anamjibu, "Sasa mbona sijakusikia kwa redio?" Aliuliza hivyo wakiwa watoto, akauliza hivyo akiwa mwanamume mwenye pikipiki yake ya bodaboda kule Muhoroni. Dorca alimwahidi kwamba siku moja atamsikia, kwa jina lake na kwa sauti yake. Ahadi hiyo aliichukulia kama deni la nyumbani.

Mjini alifikia studio ya Uzair, pale Kaloleni, nyuma ya duka la vitambaa. Uzair alikuwa mtu mpole, mwenye adabu za kwao, na upole huo ndio uliokuwa ukimchinja Dorca taratibu. Kila Dorca alipoleta wimbo akitaka kuuimba mwenyewe, Uzair alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha chai, akamwambia, "Dada Dorca, wewe ni mtu wa ndani. Mtu wa nje tutamtafuta." Alimaanisha sura. Mtu wa nje akatafutwa, akapatikana: Frankline, kijana wa meno meupe na mabega ya kupendeza kwenye picha, mwenye sikio ambalo lingemfaa zaidi muuza mbao.

Hapo ndipo inafaa kueleza kazi yenyewe. Studioni, mtunzi huuimba wimbo kwanza ili mwimbaji ausikilize na kuufuata. Hiyo huitwa sauti ya kuelekeza, na mwimbaji akishamaliza yake, ile ya kwanza inafutwa. Wengine huiimba kivivu, nusu wananong'ona, maana nani atajichosha kwa kitu cha kutupwa? Dorca hakujua kuimba nusu. Kanisani Usenge hakuna aliyemfundisha kwamba kuna nusu. Aliimba kwa roho yote kila mara, Frankline akajifunza pumzi zake na mahali pa kulegeza neno, kisha Uzair akabonyeza kitufe na Dorca akatoweka.

Jioni alipiga na bendi, Ahero, Muhoroni, popote palipo na nyama choma na watu wanaotaka kusikika. Huku ziwani kuna desturi ya pakruok: mtu anasimamisha muziki, anajitaja na kujisifu, na bendi inamsifu naye anafurahi na kufungua mkono. Mwanamuziki wa huku hali kama hajui kusifu. Dorca alisifu walimu, wachinjaji, madiwani walioshinda na walioshindwa. Miaka ikapita, na mdomo wake ukajizoesha kusifu kabla kichwa hakijauliza anayesifiwa ni nani.

Kisha Tom akafa. Trela la miwa liliharibikia barabarani karibu na Muhoroni likaachwa hapo, bila taa, bila hata matawi ya mti yanayowekwa nyuma kuwaonya wanaokuja. Tom aliligonga na pikipiki yake. Mwenye trela alikuwa Ondiek, tajiri wa matrekta, anayeishi Milimani kwenye ua unaoweza kumeza kijiji. Hakuja matangani. Alimtuma mtu na magunia ya sukari na maneno ya pole, na ikasemekana kwamba Tom ndiye aliyekuwa akienda mbio. Waombolezaji walikunywa chai tamu siku zote za matanga. Mama hakuigusa.

Pale kaburini Dorca alipiga gitaa akaimba wimbo alioutunga kwa siku hizo. Kiitikio chake kilikuwa maneno mawili tu yaliyorudiwa, kila mara juu zaidi: Tom owadwa, Tom ndugu yetu. Wanawake waliokuwa wamenyamaza walianza upya kulia. Baadaye mama alimwita kando.

"Huo usiwape watu wako wa mjini," mama alisema. "Huo ni wa nyumba hii."

"Siwapi, mama. Huo nitauimba mimi mwenyewe, kwa redio, na jina lake ndani."

Mama alimwangalia sana, kisha akakubali. Kwa hiyo sasa deni lilikuwa mara mbili, la Tom na la mama, na lote lilikaa ndani ya wimbo mmoja.

Uzair aliupenda wimbo huo kupita kiasi, jambo ambalo lingemtisha mtu mwerevu zaidi ya Dorca. Alimruhusu arekodi vyombo vyote, besi, gitaa, kinanda, ngoma, hata orutu. Ilipofika zamu ya sauti, akamkaribisha chai. Dorca alipaswa kujua kwamba chai hiyo si ya bure.

"Wewe hawakujui bado," Uzair alisema. "Frankline autangulize, bila jina la Tom. Hapo kwa jina tunaweka mtu yeyote. Watu wakishaushika, wewe unatoa wako, wa ukweli, na jina lake. Si utapata njia imefunguliwa?"

Dorca alikataa. Akalala nalo, akaamka nalo. Umri ulikuwa umekwenda, na milango mingine yote ya mji huu alikwishaigonga. Akajiambia kwamba ni kuutanguliza tu, kama anavyotangulizwa mtoto shambani, mama anafuata. Akarudi Kaloleni akasema sawa, akaingia kwenye chumba cha kurekodia kuimba sauti ya kuelekeza.

Alikuwa katikati ya ubeti wa kwanza mlango wa nje ulipofunguliwa, akaingia Frankline na nyuma yake Ondiek mwenyewe. Tajiri alikuwa akitafuta kiti cha siasa na alitaka wimbo. Alikaa kwenye sofa upande wa pili wa kioo, akakunja mguu. Alimwangalia Dorca kama mtu anavyoangalia feni inayozunguka. Hakuwa na habari kabisa huyo ni dada wa nani.

Dorca alimjua. Uso huo ulikuwa kwenye mabango mpaka Kibos. Katika masikio yake ikaingia sauti ya Uzair, ile ya upole: "Mheshimiwa yuko hapa. Muweke kidogo kwa jina, afurahi. Hii si itafutwa?"

Angeweza kuvua vipokea sauti vya masikioni akatoka. Mlango haukuwa umefungwa. Angeweza kukohoa, kusema koo limeuma, kuzimia. Siku nyingi baadaye aliyapanga yote aliyoweza kufanya, na yote yalikuwa rahisi. Lakini kiitikio kilikuwa kimefika, mtu mkubwa alikuwa ameketi mbele yake anangoja kutajwa, na mdomo wa Dorca ulifanya kazi yake ya miaka yote. Ondiek owadwa, ukaimba. Ondiek ndugu yetu. Juu, na juu zaidi, na juu zaidi ya hapo.

Na kibaya kuliko vyote, aliimba vizuri. Huzuni yote ya Tom ilikuwa bado imo kooni, haikuwa na pa kwenda, ikaenda humo. Ondiek alitoa kitambaa akajifuta macho.

"Huyu mama ako na machozi kwa sauti," alimwambia Uzair. "Mpatie soda."

Wiki chache baadaye Dorca alikuwa soko la Kibuye akichagua nyanya, redio ya muuzaji ikaanza kuupiga. Alitambua besi yake, akatabasamu kidogo kwa mazoea. Frankline akaimba beti, vibaya kiasi chake. Kisha kiitikio kikapanda, na aliyepanda nacho hakuwa Frankline. Dorca alijisikia mwenyewe akimwita Ondiek ndugu, mbele ya soko zima, na muuza nyanya akitikisa kichwa kwa raha.

Alikwenda Kaloleni kwa miguu, kwa hasira iliyomfanya asione magari. Uzair alimpokea vizuri.

"Frankline alijaribu, dada. Ile ya juu koo ilikataa. Na Mheshimiwa mwenyewe alisema ile sauti ya kulia isitolewe." Akamimina chai. "Lakini si ulikuwa unataka kusikika kwa redio? Sasa unasikika."

Hakuwa akimdhihaki. Mimi ningemheshimu kidogo kama angekuwa anamdhihaki. Alidhani amempa zawadi.

Wimbo ulishika moto. Ulipigwa kwenye harusi, kwenye mechi za mpira, kwenye magari ya kampeni yenye vipaza sauti. Frankline alihojiwa akasema uliingia kichwani mwake siku moja akiwaza juu ya viongozi wetu, na aliyemhoji akaamini, maana waliohoji hawakutaka kazi zaidi ya hiyo. Dorca alikusanya nguvu akarekodi wake, wa ukweli, kwa studio nyingine ya vichochoroni, akaupeleka redioni mwenyewe. Mtangazaji aliusikiliza nusu, akauzima.

"Mama, hii ni kopi ya Frankline," alimwambia. "Halafu hata jina umekosea."

Ikabaki kwenda Usenge. Aliahirisha, akaahirisha tena, hadi akaona kwamba kutokwenda ni kusema yote. Alifika jua likiwa kali, omena zimetandazwa juu ya nyavu kuukuu ufuo mzima, na mama ameinama anazigeuza. Wanawake wa nyavu za jirani walimwona, wakamsalimia kwa shangwe, huyu ndiye binti yetu wa redio. Wao pia waliitambua sauti. Walimsikia tangu ile Pasaka, wangeikosaje?

Mama hakuacha kugeuza omena. Dorca alivua viatu akainama naye.

"Mama, niliambiwa itafutwa."

"Nani alikuambia?"

"Mtu wa studio."

"Na aliyeimba?"

"Ni mimi."

Mama alifika mwisho wa wavu, akanyoosha mgongo kwa shida. Hakuwa amekasirika, na Dorca alitamani sana akasirike.

"Uimbe sasa," mama alisema. "Ule wa Tom. Vile uliimba siku ile."

Dorca alisimama katikati ya nyavu bila gitaa. Alianza chini, polepole, na sauti ikatulia, na kwa ubeti mmoja ilikuwa kama siku ile kaburini, mama amefumba macho. Kilipokuja kiitikio alivuta pumzi. Lakini wanawake wa jirani walikuwa wamengojea hapo hapo. Waliinua mikono yenye magamba, wakamwahi kwa furaha, sauti zote pamoja: Ondiek owadwa. Jina la Tom lilizama humo hata Dorca mwenyewe hakulisikia.

Akanyamaza. Wao wakaendelea mpaka mwisho wa kiitikio.

"Usiwalaumu," mama alisema, macho yamefunguka. "Mimi juzi nilikuwa nimeinama hapa hapa, kazi imenipeleka, nikajisikia naimba. Nilikuwa naimba vile wanaimba. Nimemwita yule mtu ndugu, kwa mdomo huu uliomwita Tom kula."

"Mama."

"Ngoja nimalize. Siku yangu ikifika, wewe kuja. Lia na watu, beba viti, pika. Lakini usiimbe." Alichukua ufagio wake wa matawi. "Sitaki kulala pale nikingoja kusikia utaniita nani."

Dorca alisema ndiyo, mama. Aliinama akaendelea kugeuza omena kuanzia mahali mama alipoachia. Wanawake wa nyavu za jirani walidhani amechoka na safari, wakampa moyo, wakampigia makofi, wakamwomba aanze tena toka juu.