Ufunguo wa Stoo Niliokwenda Nao Dubai

Nilipelekwa Dubai kwa sababu karani mkuu aliugua, si kwa ubora wangu. Nalisema mapema nisije nikasifiwa bure. Mahakama za huko zilikuwa zimewaalika makarani wa masijala kutoka nchi kadhaa, wiki moja, tuone wanavyotunza mafaili.

Jumapili nilipitia kazini kuchukua barua ya safari. Mama Kavata alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, ametoka kanisani. Kesi yake ya shamba ilishaahirishwa mara tatu kwa kuwa faili halionekani. Ijumaa ya wiki hiyo lisipoletwa, hakimu angeondoa zuio, na shemeji yake angeingiza trekta.

"Karani, faili langu liko wapi?"

"Liko kwa hakimu, mama."

Halikuwa kwa hakimu. Nilikuwa nawahi basi la Nairobi.

Ndani ya ndege sikulala. Niliandika sentensi yangu hiyo, 'Liko kwa hakimu', kwenye daftari hili, nikaikata, nikaiandika tena.

Jumatatu asubuhi, mtaani Al Garhoud, mlinzi wa hoteli, Mkenya wa Nyeri, alisoma kitambulisho changu akarudi hatua moja. "Wewe ni wa korti? Mimi bado sijaiba. Yalla, haraka, basi lenu hilo."

Saa tatu tulipokelewa mahakamani na Bi Salma, mzaliwa wa Dubai mwenye wazazi wa Unguja. Kila faili lina kibandiko. Mashine ikikisoma, kioo kinaonyesha jina la aliyelishika mwisho. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitoka nje mara mbili bila haja. Nisiwapendelee wenyeji: mashine iligoma karibu nusu saa, na kibarua mmoja alikaa ameshika karatasi ya lugha asiyoisoma. Hata huko benchi la kungojea lipo.

"Nanyi kwenu hufanyaje, Bwana Musyoka?" Bi Salma akaniuliza.

"Kuna daftari. Anayetoa faili anatia sahihi."

"Kila mara?"

"Karibu kila mara."

Akacheka. "Hiyo karibu ndiyo iliyokuwa ikitutesa nasi. Kabla ya mashine, faili likipotea tukimtafuta mtu kwanza. Nani kalishika mwisho?"

Hapo nikakumbuka: ni mimi. Mpima ardhi alikuwa shahidi katika kesi mbili siku moja, ya Mama Kavata na ya kanisa. Nikayafunga mafaili yote mawili kwa kamba moja, jembamba chini ya nene, nipunguze safari za kwenda kwa hakimu. Kesi ya kanisa ikaisha. Nikaupeleka mzigo mzima stoo ya kesi zilizokwisha, bila sahihi.

Jumanne, mtaani Bur Dubai, nilinunua kadi ya simu nikampigia Otieno, msaidizi wangu.

"Mzee, tende zimekunenepesha?"

"Nenda stoo. Faili la kanisa, lile nene. Fungua kamba."

"Ufunguo uko wapi?"

Nikapapasa mfuko. Nilikuwa nao. Siku zote huwa simwamini mtu hata nimwachie.

"Mwombe msajili avunje kufuli."

"Ataniuliza kwa nini."

"Mwambie Musyoka ndiye aliyelifungia humo faili la Mama Kavata."

"Niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hiv..." Kadi ikaisha.

Jumatano sikumpata, Alhamisi sikumpata. Ijumaa Bi Salma alitualika chakula kwao Al Twar. Mamake alinijazia sahani mara tatu nami nikiangalia saa. Biriani ile sikuitendea haki.

Jumatatu nilirudi kazini. Kufuli mpya, ufunguo umening'inizwa ukutani kwa msajili. Mama Kavata alikuwa kwenye benchi lile lile.

"Ijumaa nilisikilizwa," akasema. "Trekta haiingii. Leo nina swali lako wewe. Ulijua haliko kwa hakimu?"

"Nilijua."

"Sawa. Nilitaka tu kusikia." Akachukua kikapu chake akaenda.

Mashine hatujapata, pengine hatutapata. Sasa kila faili lina kamba yake, na natia sahihi hata nikilibeba hatua kumi. Barua yangu ya onyo imo katika faili langu la kazi. Hilo najua liliko.