Ng'ombe wa Udongo wa Mtoto wa Yeyo

Mwalimu wa mwanangu hapa Mikumi alituagiza wazazi tupeleke zana za kuhesabia. Dukani zimening'inia tele, shanga za plastiki nyekundu na bluu kwenye waya, nami ningenunua moja na kusahau. Lakini siku hiyo hiyo mjomba alipiga simu kutoka Kilosa kwamba nyumba ya marehemu Bibi inabomolewa, niende nikachukue vyangu kabla havijawa kifusi.

Vyangu vilikuwa chungu kimoja kilichopasuka mdomo, kimesukumwa mvunguni mwa kitanda. Ndani yake, katika matambara, walikuwa wamelala ng'ombe wa udongo. Niliketi pale pale kwenye vumbi nikalia, mtu mzima mimi, hadi mwanangu niliyekwenda naye akaogopa.

Kama ulikulia upande huu huna haja ya kuelezwa. Vitu vya kuchezea tulivitengeneza wenyewe, na ndivyo hivyo hivyo tulivyohesabia: vijiti vya mabua ya mtama, vizibo vya soda vilivyopondwa kwa jiwe, mbegu za ukwaju. Mimi nilikuwa na bahati ya kuongezewa udongo, maana Bibi alikuwa mfinyanzi. Aliuchimba kwenye shimo kando ya mto Mkondoa, akaukanda kwa miguu, kisha akanimegea bonge langu. "Udongo uwahi ungali maji," alisema kila nilipozubaa, na mimi nilidhani anazungumzia udongo tu. Kazi yangu ilikuwa kuviringisha vidonge vinavyolingana, kumi kumi, hadi vidole vikawa vyepesi. Nilijua hesabu kabla sijaiona shule, na nilijivuna kwa hilo kupita kiasi.

Kila asubuhi mama mmoja wa Kimasai alituletea maziwa kwenye kibuyu. Bibi alimwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao, kama mtaa mzima ulivyowaita akina mama wa kwao. Alikuja na bintiye wa rika langu, ambaye Kiswahili chake chote wakati ule kilikuwa shikamoo. Bibi aliitikia marahaba, akammegea naye bonge. Nyumbani tukamwita mtoto wa yeyo.

Siku ya kwanza nilikuwa nimefinyanga ng'ombe aliyefanana na kiazi. Mtoto wa yeyo hakunicheka. Alinishika kidole gumba, akakibonyeza kwenye mgongo wa yule ng'ombe na kuvuta juu, nundu ikatokea. Pembe alizichomeka za miiba ya mgunga.

Mvua za mwaka ule zilipokatika alikuwa na kundi zima, na Kiswahili cha kutosha kunishinda maneno. Mchezo ulikuwa wake. Unageuka nyuma, mwenzako anaficha ng'ombe mmoja, ukigeuka useme. Mimi nilihesabu kwa kidole kisha nikatangaza, "Mmoja hayupo."

"Nani?" aliniuliza.

Sikujua. Zamu yake ilipofika hakuhesabu. Alitupa jicho mara moja tu, akasema ni yule mwekundu, wa pembe iliyoinama, na hakukosea hata siku moja. Nilimfundisha kuhesabu kwa vijiti, akashika hadi ishirini kwa siku mbili. Ila ng'ombe, hata wa udongo, hakukubali. Kwao ng'ombe hahesabiwi, alisema, ukimhesabu unamwitia mkosi. Nilicheka sana.

Baba yake hakuitaka shule. Yeyo alimbembeleza mpaka akakubali binti ajaribu darasa la awali, nilimokuwa nasoma mimi. Mwalimu akisema anafaa, ataandikishwa la kwanza. Akisema hafai, atarudi kuchunga ndama, na yasizungumzwe tena. Basi ikafika siku ya kila mtoto kupanga mezani zana alizotengeneza kwa mkono wake na kuzihesabu mbele ya wenzake. Yeye alitaka kupeleka vijiti. Mimi ndiye niliyemwambia aviache, apeleke ng'ombe, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kitu kizuri kama wale.

"Haya, mtoto wa yeyo," alisema mwalimu, maana hata kwenye daftari alikuwa hajaingia. "Wako wangapi?"

Rafiki yangu aliikunja mikono kifuani.

Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto wengi na subira iliyokwisha saa nne. Alimchukua ng'ombe mmoja, akamficha nyuma ya mgongo. "Sasa wamebaki wangapi?" Rafiki yangu akamtaja pale pale aliyefichwa, rangi yake na pembe yake. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akamrudisha ng'ombe mezani, akasema hakuuliza hivyo.

Nikasimama. Nilitaka kumwokoa, na nilitaka kuonekana, siwezi kukuficha. Niliwagusa vichwani mmoja mmoja, nikawahesabu kwa sauti, moja hadi kumi na moja.

"Aliyeulizwa si wewe," mwalimu alisema. "Huyu bado. Arudie mwakani."

Rafiki yangu hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi.

"Umewahesabu," alisema.

Hakurudi tena darasani; kwa baba yake, bado na hafai vilikuwa kitu kimoja. Kiangazi kile ng'ombe wa kwao walianza kufa kwa homa, na kutoka uani kwetu tuliwaona tai wakizunguka upande wa mbugani. Nilimuuliza Bibi kama ni mimi. "Ni homa, mjukuu wangu, si mdomo wako," alisema. Lakini alinyamaza kidogo kabla ya kusema, na mimi nilikiamini kile kimya.

Asubuhi moja yeyo alikuja peke yake, bila kibuyu. Wanahama, alimwambia Bibi, wanawafuata ndugu zao kusini. Akanipa kifurushi cha matambara kutoka kwa bintiye. Ilikuwa zawadi au alikuwa hawataki tena, sijui hadi leo. Niliwapanga chini, na safari hii sikuhitaji kidole. Yule mwekundu hakuwepo.

Sasa shimo la udongo limefukiwa, Bibi yuko kaburini, na mahali pa jiko lake pamebaki majivu yaliyokanyagwa. Jioni ya siku ile ya chungu, mwanangu aliwapanga ng'ombe mkekani, akanyoosha kidole kuanza moja. Nilimshika mkono. Nikamwambia awatazame tu, mpaka awajue.

Aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza ni nani aliyewatengeneza. Nikamwambia ni rafiki yangu.

"Anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Idadi ya ng'ombe wake naijua mpaka leo. Jina lake sikuwahi kumuuliza.