Viua vya Bi Shaikha

Bi Hamdiya wa Maskati alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa viua. Ukimwomba chumvi, utapewa na samaki wa kuitilia. Ukimwomba kofia ya mumewe, Bwana Bakhit, uitazame kwa karibu, utaulizwa habari za watoto.

Kofia yenyewe ilikuwa nyeupe, ya mkono, na vile vitundu vyake vya kushonewa, ndivyo viua hivyo, vilipangwa kwa mchoro wa mama yake Hamdiya, Bi Shaikha, aliyezikwa Unguja. Hamdiya alipoondoka huko mwaka sitini na nne hakuwahi kuchukua kazi nyengine yoyote ya mama yake. Mchoro haukuwa kwenye karatasi. Ulikuwa kichwani pa Bakhit kila Ijumaa, basi. Na washona kofia wana tabia yao: mchoro wa nyumba hautoki nje ya nyumba.

"Wifi, toa nakala," Nasriya, dada wa Bakhit, hakuchoka kumwambia. "Kitu kimoja si kitu. Siku kikiharibika utamlilia nani?"

"Akiba haiozi," Hamdiya alimjibu.

Kofia ilipoanza kuchakaa alimvua Bakhit, akaifua, akaitia kanji mpaka ikasimama wima, akaifungia sandukuni. Mwaka mzima hakulifungua sanduku. Kweli haikuoza. Lakini kanji ni wanga, na wanga ni karamu ya mende. Mwanamke aliyefua kofia tangu utotoni alilijua hilo kama jina lake, ila mapenzi yalimsahaulisha.

Mwaka sitini na tisa ikaja barua kutoka Kuweti: mwanawe Yaarub anaoa, anataka kofia ya viua vya bibi yake. Hamdiya akafungua sanduku huku akiimba. Alichokitoa hakikujaa kiganja. Akakaa chini akalia kilio cha msiba, maana msiba ulikuwa: mama yake amekufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwake.

Kilio kikavuka ukuta. Jirani yake Masouda akaja mbio, akavitazama vile vipande, akaondoka. Aliporudi alikuwa na daftari mkononi, na nyuma yake mumewe Aflah, yule mrefu, akitazama vidole vyake vya miguu.

"Shoga, nnakuomba uape kwanza kuwa hutonipiga."

"Nikupige kwa lipi?"

Masouda akafungua daftari. Nukta kwa nukta, safu kwa safu, viua vya Bi Shaikha! Zamani, aliponyimwa mchoro, alimtuma mumewe akae nyuma ya Bakhit msikitini. Kila Ijumaa Aflah alihesabu safu moja, na kwa urefu wake aliona mpaka juu ya kofia. Kisha alirudi nyumbani akizirudia hesabu zake moyoni, watu wakimsalimia haitiki. Ilimchukua mwaka mzima.

"Wakati wa hotuba?" Hamdiya akauliza.

"Mwenyezi Mungu atanisamehe," Aflah akasema. "Mara moja nilisahau njiani, ikabidi ningoje Ijumaa nyengine."

Hamdiya akaitafuta hasira, maana aliibiwa mchana kweupe, lakini haikupatikana. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka Nasriya akaja kuuliza nani kapandwa na shetani.

"Lakini shoga," Masouda akasema kwa aibu, "upande wa mbele hatuna. Aflah alikaa nyuma tu. Ndiyo maana sijaishona mpaka leo."

Wakatazamana. Hamdiya akachukua penseli, akafumba macho. Kila Ijumaa baada ya sala, miaka ishirini na zaidi, Bakhit alikaa mbele yake kwenye sinia la wali, kofia kichwani. Akafumbua macho, na mkono ukaanza kwenda. Alichora upande wa mbele wote asifute hata nukta moja.

Kisha akachana karatasi za daftari, akaanza kunakili mwenyewe: moja ya Masouda, moja ya Nasriya, moja ya kupelekwa Kuweti, na yake ikawa ya mwisho. Alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu atoke Unguja.

Bakhit aliporudi kazini alikuta nyumba imejaa watu na karatasi, akasimuliwa yote.

"Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa ukitazama kofia," akasema. "Na mie nikidhani natazamwa mie."

"Kama sikukutazama wewe," Hamdiya akamjibu mbele ya wote, bila ya haya, "kofia ningeionea wapi?"