Fundi Aliyefaulu Kipimo

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna aliyemzidi kukunja pindo la sketi likakaa kama limepigwa rula. Jina hilo lilimlisha miaka mingi, na jina hilohilo ndilo lililomfunga mdomo macho yalipoanza kufifia.

Ukungu ulianzia jicho la kulia. Akadhani ni vumbi la vitambaa, akanawa. Ukungu ukabaki, kisha ukaingia na la kushoto. Daktari wa macho mjini hapo hakuwepo, na hospitali kubwa ilikuwa safari ya wenye akiba. Basi Mama Pindo akafanya analolijua: akaficha, kama fundi anavyoficha kiraka upande wa ndani.

Mshirika wake alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi naye. Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, wifi alimtungia nyuzi kwenye sindano na kuzichomeka kwenye kimto kidogo cha sindano. Nyuzi zilikaa rafuni kwa mpangilio usiobadilika: nyeupe, buluu, kijani, nyeusi. Mteja akiingia, Mama Pindo hakupapasa. Alimtambua kwa sauti, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye uzi.

"Umependeza leo, mama!"

"Nimependeza na gauni limechanika kwapani, Mama Pindo?"

"Nimesema wewe umependeza. Gauni nimelitaja?"

Watu walicheka, naye akacheka. Wakishaondoka, alibaki amefumba macho, kifuani ana hasira ambayo hakujua ampe nani. Kazi iliyomweka mjini ilikuwa sare za shule ya msingi. Mwalimu mkuu akijua kwamba fundi wake haoni, vitambaa vitakwenda kwingine.

Kisha madaktari wa msaada wakafika, wakatandika vitanda katika madarasa ya shule hiyohiyo. Walikuwa wakiondoa mtoto wa jicho bila malipo.

"Twende," wifi alisema.

"Hapo shuleni? Mbele ya wateja wangu wote?"

"Unataka waje wakupasulie uvunguni mwa kitanda?"

Wakaenda. Baraza la shule lilijaa. Ndani alikuwepo daktari, lakini vitanda vilikuwa vichache na wagonjwa tele, kwa hiyo nesi aliwachuja nje kwanza. Alisimama mwisho wa baraza akiinua vidole. Aliyeviona alirudishwa nyumbani hadi awamu nyingine. Asiyeviona aliingia ndani.

Foleni ilitambaa. Jua lilipanda, mabenchi yalichoma mapaja, na kila mara kulikuwa na mtu aliyepitishwa mbele kwa sababu ambazo hazikuelezwa. Mama Pindo alikaa akisikiliza. Nesi alikuwa amechoka, na kwa uchovu akawa anarudia mtindo uleule. Wenye kuona walijibu mbili, nne, moja, wakaambiwa waende. Sikio la Mama Pindo liliudaka mpangilio huo bila kutumwa, kama lilivyozoea kushika mpangilio wa nyuzi.

Alikuwa ameazimia kusema kwa sauti ndogo kwamba haoni. Zamu yake ilipokaribia, sauti anayoijua ikapasuka nyuma yake.

"Mama Pindo! Na wewe umefuata nini huku? Si wiki ijayo nakuletea vitambaa vya sare?"

Alikuwa mwalimu mkuu.

"Nimemsindikiza wifi, Mwalimu."

"Anayefuata!" nesi aliita. "Mama, vingapi hapa?"

Mbele yake palikuwa na weupe tu. Mdomo ukatangulia.

"Viwili."

"Na hapa?"

"Vinne."

"Hapa?"

"Kimoja."

"Hongera, mama. Bado unaona vizuri. Awamu nyingine."

Getini wifi alimwachia mkono. "Umefaulu mtihani wa kufeli! Wenzako wanafeli wanaingia, wewe umefaulu unarudishwa. Halafu eti umenisindikiza mimi? Mimi ninayemwona chawa akiwa bado kwa jirani?"

"Nyamaza."

"Sinyamazi. Kesho kutwa wanaondoka. Utanitia kwenye hiyo kazi ya kutunga nyuzi mpaka niingie kaburini!"

Mama Pindo alishika nguzo ya geti. Alijikasirikia yeye mwenyewe, akamkasirikia nesi, akavikasirikia na vitanda kwa uchache wake. Kisha akasema, "Nirudishe."

Nesi hakufurahi. "Mama, sasa hivi umeona, sasa hivi huoni? Watu wanajifanya vipofu ili wapewe miwani. Tusichezeane."

"Nilisikia wenzangu wakijibu," Mama Pindo alisema, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa mabenchi. "Sioni vidole. Wewe mwenyewe sikuoni. Sindano sijaitunga kwa mkono wangu tangu mwaka juzi."

Nesi akamsogelea, akainua mkono karibu na uso wake.

"Vingapi?"

"Sijui."

Akapelekwa ndani. Daktari alisema macho yote mawili yameiva kwa upasuaji, lakini awamu hii ni jicho moja kwa kila mtu.

"La pili mtarudi lini?"

"Tukiwezeshwa, mama."

Mwalimu mkuu alimkuta akisubiri mlangoni mwa darasa, akampa pole nyingi. "Ungesema mapema," alisema. Kisha, taratibu, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto: "Sare za safari hii nitampa fundi wa sokoni. Wewe upone kwanza."

Alipasuliwa jicho moja jioni hiyo, na asubuhi bandeji ikaondolewa. Mama Pindo alipewa dawa ya matone na makatazo: asiiname, asikae kwenye vumbi, asiguse cherehani mpaka aambiwe. Nje, kwenye mwanga, wifi alikuwa akimsubiri. Pindo la gauni lake lilipanda na kushuka kama njia ya mbuzi.

"Nani kakushonea hilo?"

"Unamjua."

Mama Pindo alilitazama, akaijua mishono yake. "Na watu wengine? Walijua?"

"Wenye macho walijua."

"Sare za mwaka jana je?"

"Nilizifumua jikoni kabla hujazipeleka, nikazishona upya kwa mkono. Hili langu sikupata muda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniomba nikufichie, wifi. Nikawaficha watu, nikakuficha na wewe."

Walipofika nyumbani, Mama Pindo alimwamuru avue gauni, akachukua mkasi. Wifi akaunyakua.

"Umekatazwa kuinama."

"Basi fumua wewe. Hapo. Si hapo, hapo pembeni!"

"Nimefumua nyingi kuliko hizi bila msimamizi."

Mama Pindo akakaa wima kwenye kiti, mikono juu ya mapaja, akiitazama kwa jicho moja mishono yake mibovu ikitolewa mmoja baada ya mwingine na mtu ambaye si fundi.