Siku Niliyoshtakiwa Kumuiba Mama Mudhi

Askari alikuwa ameshagusa pingu kiunoni. Mimi niko magotini kwenye changarawe, mvua inaninyeshea, nasema neno moja tu: wallahi.

Mimi, Mkristo wa Busia, naapa kwa wallahi.

Kosa langu ni wizi. Na sikuwa nimeiba dhahabu wala simu.

Nilikuwa nimeiba bibi kizee.

Tulieni niwaeleze. Msinihukumu kabla hamjasikia.

Naitwa Velma. Kule Riyadh waliniita Felma, maana ulimi wao na hiyo herufi V havijawahi kusalimiana. Kazi yangu ilikuwa kumtunza Mama Mudhi, mama mzazi wa bosi wangu. Kumuogesha, kumpa dawa, kumshika mkono akienda msalani. Nyumba nzima ilisema mzee amesahau. Na kweli, angekuuliza jina lako, ukamjibu, na chai haijapoa anakuuliza tena.

Januari hiyo familia ikaamua kushuka Jeddah kwa barabara. Shule zimefungwa, na baridi ya Riyadh ilikuwa ya kukata masikio. Jeddah ukifika unavua sweta.

Tuliondoka na magari mawili. La mbele la Baba, ndivyo nilivyomwita bosi, na madam na watoto wao. La nyuma la mdogo wake, Fahad, na mke wake na mtoto mchanga.

Mimi na Mama Mudhi tulikuwa abiria wa kuhamahama. Wajukuu wakimlilia bibi yao, tunaingia kwa Baba. Wakianza fujo, tunahamishiwa kwa Fahad.

Kabla ya safari, Roseline, Mkenya mwenzangu tuliyezoeana kule Batha, mtaa wa Riyadh, alinishika sikio kwa simu. "Velma, skiza. Mtoto akianguka watakupigia kelele. Mzee akipotea mikononi mwako, hiyo ni kesi. Usimwachilie hata dakika."

Sikumwachilia. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Tulisimama kwenye kituo cha petroli katikati ya jangwa, bado mbali kabla ya mji wa Taifu. Upepo ulikuwa unachapa. Upande wa milimani mawingu yamekuwa meusi tititi. Mama Mudhi akasema anataka kutawadha na kuswali. Akainama kwanza dirishani kwa Baba, akanong'ona kitu. Akaenda kwa Fahad, akanong'ona tena. Nikadhani anaaga tu.

Nikamshika mkono tukaenda nyuma, mahali pa wanawake. Simu yangu niliiacha kwa gari la Baba ikichaji.

Nikamsubiri nje ya mlango. Aliswali swala ndefu ambayo sijawahi kuona. Alipotoka tukazunguka jengo polepole, nikainua macho.

Magari hakuna.

Nikaangalia kwa pampu. Hakuna. Nikaangalia dukani. Hakuna. Nikakimbia hadi ukingo wa barabara kuu kama mwendawazimu. Malori tu yanapita, vuu, vuu.

Woi. Wametuacha!

Nikaelewa hapo hapo. Baba anadhani tuko kwa Fahad. Fahad anadhani tuko kwa Baba. Watakuja kujua wakisimama tena, na hapo sijui ni wapi.

Nikamwendea kijana wa pampu, Mbangladeshi. "Simu, ndugu! Nipe simu!"

Akanipa. Nikaishika, nikaikodolea macho.

Namba ya Baba siijui kwa kichwa. Ya madam siijui. Ikama yangu, kibali cha kuishi kule, yenyewe iko ndani ya simu, na simu imeshaenda zake. Pale niliposimama, mimi sikuwa mtu. Nilikuwa mwanamke mweusi asiye na karatasi, kando ya barabara, na mama wa wenyewe.

Nikageuka nimwambie Mama Mudhi tuketi tusubiri.

Naye hayupo.

Nikamuona upande wa duka la kuziba pancha. Anaongea na mzee mmoja Msudani mwenye pikapu iliyojaa majani ya mifugo. Na hakuwa anaongea kama mtu aliyepotea. Ananyoosha kidole, anaelekeza. Yule mzee anatikisa kichwa kukubali.

"Mama! La! Tukae hapa. Baba anarudi sasa hivi!"

"Felma, yalla, twende. Panda."

"Wapi, Mama?"

"Panda."

"Mama, nakuomba. Baba ataniua."

Akaniangalia kwa macho makavu. "Mimi naenda. Wewe unataka kubaki, baki."

Jamani, mngefanya nini? Nikibaki, nimemwachilia mzee na mwanamume nisiyemjua. Nikienda, nimetoroka naye. Kote kisu.

Nikamkimbilia yule kijana wa pampu. "Baba akija, mwambie: mama na mfanyakazi, pikapu, kule." Nikamwonyesha njia ya vumbi iliyoacha lami. Akasema sawa, sawa. Sijui alielewa nini.

Nikapanda.

Yule Msudani aliitwa Idris. Mpole, mwenye tasbihi kwenye kioo. Tuliingia ndani ya jangwa, mawe matupu, miti ya miiba, ngamia wamegeuzia upepo makalio. Kisha mvua ikashuka. Mvua ya kule haina habari ya manyunyu. Inamwaga.

Tukafika kwenye wadi, mkondo wa mto ambao mwaka mzima ni mchanga tu. Siku hiyo haukuwa mchanga. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita yakibeba vijiti.

Idris akakanyaga breki. "Hajja, hapana. Turudi."

Nikasema kwa moyo wangu wote: "Ndio! Turudi!"

Mama Mudhi akaweka mkono juu ya usukani. "Vuka."

"Hajja, maji haya..."

"Vuka, mwanangu. Nyuma yangu hakuna kitu."

Idris akasoma dua, akaingia.

Katikati, maji yakagonga mlango. Injini ikakohoa. Gari likasukumwa kando, nikahisi matairi yameachana na ardhi. Nikamkumbatia Mama Mudhi kwa mikono miwili na nikamwita mwanangu jina, Ian, Ian, kana kwamba angenisikia kutoka Busia. Alikuwa na mama yangu, anangoja nimalize kandarasi.

Tairi likashika. Tukapanda ng'ambo, maji yakimwagika chini ya miguu yetu.

Nilipotazama nyuma, pale tulipopita palikuwa pameshafunikwa. Njia ya kurudi imefungwa. Mama Mudhi hata hakugeuka.

Kimji tulichofikia kilikuwa nyumba chache na msikiti. Tukasimama kwenye geti la bluu. Mama Mudhi akateremka kabla sijamshika, akagonga kwa ngumi.

Akafungua mwanamke mtu mzima, mikono imejaa unga.

Akatazama. Unga ukawa unadondoka kidogo kidogo.

"Yumma?" akasema. Mama?

"Hessa," Mama Mudhi akajibu.

Yule mwanamke akaanguka miguuni pake, pale pale kwenye tope, akaanza kuibusu miguu yake. Mama Mudhi naye akachuchumaa, wakashikana, wakalia kilio ambacho hata Idris aligeuka akajifanya anaangalia tairi.

Muda wote nilioishi ile nyumba, nikafuta vumbi picha zote za familia, sikuwahi kusikia Mama Mudhi ana binti.

Hessa ndiye aliyenieleza, akinifunga blanketi karibu na moto. Alipenda mwanamume ambaye kaka zake walisema si wa kabila la kuoa kwao. Akaolewa naye. Baba, bosi wangu, akaapa mbele ya watu kwamba mguu wake hautakanyaga nyumba ya Hessa maisha yake yote. Picha zikatolewa ukutani. Mama akilia kwamba anamtaka binti yake, anaambiwa: umeanza kusahau, mzee, huna binti.

Nikaona huruma, ndio. Lakini saa zinakwenda, na huku nikijua Baba kule nje anachemka.

"Mama, tupige simu," nikasema.

"Bado. Nakula na mwanangu."

Akala. Akapakata wajukuu ambao hakuwahi kuwaona. Nikarudia. "Bado." Mwishowe nikapiga magoti mbele yake. "Mama, hapa hakuna atakayefungwa ila mimi. Nina mtoto. Tafadhali."

Kisha akaichukua simu ya Hessa, akabonyeza namba ya Baba kwa kidole kimoja, bila kumuuliza mtu.

Kumbe namba anaijua kwa kichwa.

Akaongea maneno machache kwa Kiarabu cha haraka. Nilishika mawili tu: Felma, na Hessa. Akakata simu.

Hessa akageuka kunitazama, uso umembadilika. Akafungua mdomo. Mama yake akamkandamiza mkono.

Moyo wangu ukasema: Velma, hapa kuna kitu.

Jioni maji yalipopungua nikasikia magari. Ya kwao mawili na la polisi. Nikatoka mbio na furaha, jamani, nikidhani nimeokolewa!

Baba akashuka akanishika ukosi wa sweta.

"Mwizi! Nani alikutuma? Hessa amekupa nini?"

"Baba, mimi sijui! Ni Mama! Muulize Mama!"

"Mama hana akili! Mama anaweza kukodi gari? Kijana wa pampu amesema ni wewe umempeleka!"

Askari akaomba ikama. Mafi, sina. Iko kwa simu, simu iko kwa gari. Baba akasema hajui simu yangu iko wapi. Ndipo magoti yakanigusa changarawe. Ndipo wallahi. Ndipo mkono wa askari ukaenda kwenye pingu.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mama Mudhi nilimuona kabisa, ameketi kwenye zulia, kikombe cha kahawa mkononi. Ananiona ninavyolia. Anasikia kila kitu.

"Mama! Waambie! Waambie ukweli!"

Akanywa kahawa.

Sijawahi kuumia hivyo. Mtu niliyemuogesha kama mtoto, namuita, ananitazama tu.

Baba alisimama nje ya geti, buti zake kwenye mstari wa kizingiti, hataki kuuvuka. "Mama, toka tuondoke!"

Kimya.

"Fahad, mtoe!"

Fahad akasita. Askari ndiye aliyechoka. "Bwana, mimi siwezi kumvuta mama wa mtu kutoka kwenye nyumba. Na siwezi kumfunga huyu msichana kabla mzee hajasema. Ingia umuulize mwenyewe."

Baba akatazama mvua. Akanitazama mimi. Akatazama ndani.

Kisha akaingia.

Aliposimama mbele ya zulia, Mama Mudhi akaweka kikombe chini. "Funga mlango, Fahad, baridi inaingia. Na mwambie askari amwachilie Felma. Hana kosa."

"Mama..."

"Wewe nilikwambia napanda kwa Fahad. Fahad nikamwambia napanda kwako. Pikapu nimekodi mimi. Mnasema nimesahau. Kweli nimesahau mengi. Huyu binti yangu sijamsahau."

Askari akaniinua kwa mkono. Nikaegemea gari la polisi.

Ndani, Fahad alikuwa ameshamwangukia dada yake shingoni, wanalia. Baba hakumkumbatia. Alisimama hadi miguu ikamchoka, akaketi. Hessa akamimina kahawa, akamnyooshea kikombe. Kikakaa hewani muda mrefu.

Akakipokea.

Tulilala pale, watoto wa madam na watoto wa Hessa wakikimbizana vyumbani kana kwamba walizaliwa pamoja. Kesho yake tukafika Jeddah. Madam akanirudishia simu. Baba naye hakuniomba msamaha. Aliniambia tu, "Halas, Felma. Imekwisha."

Kwangu haikuwa imekwisha. Siku moja nikimchana Mama Mudhi nywele, chumbani, jua limeingia, nikamuuliza.

"Mama, uliniona nalia. Kwa nini ulinyamaza?"

Akajibu bila kugeuka, sauti tulivu kabisa.

"Mwanangu aliapa. Kama ningeenda peke yangu, angemtuma Fahad anichukue, yeye akabaki garini. Nikampigia nikamwambia: Felma ameniiba, amenipeleka kwa Hessa. Mwizi lazima amfuate mwenyewe. Nikanyamaza mpaka avuke kizingiti. Ningesema mapema, asingeingia."

Kitana kikanianguka.

Kumbe sikusahaulika pale kituoni. Nilipangwa. Mimi ndiye nilikuwa chambo.

"Wewe ni mama, Felma," akasema. "Utanielewa."

Nikamwambia, "Mama, ulimpata mtoto wako. Mtoto wangu nusura amkose mama."

Hapo ndipo alipogeuka. Nikaona usoni pake kwamba kwenye hesabu zake zote, Ian hakuwahi kuwamo. Akanishika mikono, akailaza kwenye paji la uso wake, akalia. Sikumzuia. Na sikumwambia imekwisha.

Kandarasi ilipoisha sikuongeza. Wakati nasubiri ndege nilimsimulia Roseline, tumeketi mkahawani Batha. Akaniuliza kama nimemsamehe. Nikasema siku zingine ndio, siku zingine hapana. Nasikia Hessa sasa huja Riyadh sikukuu, na picha yake imerudi ukutani. Nafurahi, kusema kweli.

Lakini wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu wenu mmemfungia mlango, nenda kagonge mwenyewe, kwa mkono wako, leo. Usingoje mpaka mama yako amtafute mtoto wa mwenzake wa kupigishwa magoti kwenye changarawe.

Ule mlango ulifunguka, ndio. Ila magoti yalikuwa yangu.