Mwaka Ambao Laini Ilininyima Salamu

Kwenye shamba la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, nilikoolewa huko juu Bahati, karibu na Nakuru, salamu haikuwa jambo la mtu kufikiria. Ukitoka nyumbani asubuhi na debe lako kwenda bombani, ulimsalimu kila uliyekutana naye. Ukimpita mtu kwa haraka, yeye mwenyewe angekuita nyuma akuulize kama umelala vibaya. Tuliishi laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa kwa mistari chini ya mikaratusi, ukuta wa huyu ukigusana na wa yule. Kama jirani alikohoa, ulimsikia. Kama alipika maharagwe, ulijua.

Mume wangu alikuwa dereva wa trekta. Mlango uliofuata aliishi mama mmoja mkunga, na mumewe alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wa tajiri, Mzungu mwenye shamba. Mama huyo ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nilikuwa nimeogopa mpaka nikamwambia aniache nife. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Angalia mimi. Usiangalie maumivu, angalia mimi." Mtoto alipozaliwa alimwosha, akampaka mafuta, akamfunga shuka, akamwimbia kabla hata hajanipa. Nilimwita mama, si kwa heshima tu. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, na huyu alikuwa karibu.

Kisha ikaja hali ya hatari, serikali ya Wazungu ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau. Asubuhi moja, kabla ya kengele ya kazi, lori la askari lilisimama mbele ya laini. Wanaume waliambiwa wachuchumae uwanjani. Akaletwa mtu aliyefunikwa gunia kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili tu ya macho. Wanaume walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa hivi, mtu anarudi kwake. Akitikisa vile, mtu anapanda lori. Sisi wanawake tulisimama milangoni, kila mmoja akijaribu kuyajua yale macho. Waliopanda walikuwa wengi. Mume wangu alikuwemo, na mume wa mkunga alikuwemo.

Siku chache tulilia pamoja. Mkunga alilala kwangu, mimi nikampikia uji. Halafu jioni moja mume wangu akarudi, peke yake, ndani ya gari la tajiri.

Nilimkumbatia hapo nje, mbele ya watu wote. Nilifurahi sana hata sikuona kwamba hakuna aliyetukaribia. Tulipoingia ndani aliketi kitandani bila kuvua viatu.

"Tajiri alikuja kambini," akasema. "Aliwaambia wakuu wa kambi mvua iko karibu na hakuna mtu mwingine wa kulima na trekta. Wakabishana naye kwa Kizungu. Kisha wakanitoa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Hata swali moja sikuulizwa, wala sikumtaja mtu." Akanitazama. "Wewe unaniamini?"

"Ninakuamini."

"Wale wa nje wataniamini?"

Nilidhani si swali la kweli, nikainama kumvua viatu.

Asubuhi yake nilikwenda bombani na mtoto mgongoni. Niliwasalimu wanawake waliokuwa kwenye foleni. Mmoja aliinama kusafisha debe lake ambalo lilikuwa safi. Mwingine alimtazama aliye mbele yake. Aliye mbele akatazama maji. Nilidhani hawakunisikia, nikarudia kwa sauti. Ndipo nikajua kwamba walikuwa wamenisikia mara ya kwanza.

Sijui kama aliyesalimiwa maisha yake yote anaweza kuelewa jambo hili. Si kwamba walinitukana. Tusi lingenipa mtu wa kujibizana naye. Walikuwa wakiongea, mimi nikifika wananyamaza, nikiondoka wanaongea. Kwenye pareto, mistari ya kushoto na kulia kwangu iliachwa tupu, nami nilichuma maua katikati ya nafasi pana kama mwenye ndui. Mtoto wangu alipoanza kutambaa, alitambaa hadi mlango wa jirani kama alivyozoea. Mlango ukafungwa taratibu, bila kishindo.

Nilimwendea mkunga mwenyewe, nikasimama kizingitini pake.

"Mama, niambie nilichokosa."

Alikuwa akichambua mboga. Hakuinua macho. "Wa kwako yuko nyumbani," akasema. "Wa kwangu yuko wapi?"

"Alirudishwa kwa sababu ya trekta."

"Ndiyo. Trekta." Akaendelea kuchambua.

Mjukuu wangu mmoja alisomea chuo kikuu elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoathiriana wanapokuwa pamoja. Wenyewe huiita saikolojia ya kijamii. Nilipomsimulia mambo haya aliniuliza, "Shosho, nani alianza?" Nikamwambia nimetafuta mwanzo huo miaka mingi na sijaupata. Hakukuwa na mkutano. Hakuna aliyetoa amri. Akaniambia kwamba huenda kweli hakukuwa na mwanzo. Kila mmoja pale bombani hakujua afanye nini, akawatazama wenzake ili ajue. Wenzake nao walikuwa wanamtazama yeye. Kimya cha mmoja kikawa jibu kwa mwingine, na kabla jua halijapanda likawa neno la laini nzima. Niliposikia hivyo niliiona tena ile foleni, yale macho yakizunguka kutoka uso hadi uso.

Lililoniumiza zaidi lilikuja baadaye. Mwanzoni walininyima salamu kwa hofu na huzuni. Lakini mtu hawezi kukaa muda mrefu akimtendea mwenzake vibaya huku akimwona ni mwema. Moyo unasumbuka. Basi walitafuta sababu, na wakazipata. Nilisikia kupitia ukutani kwamba tangu nilipoolewa nilikuwa na maringo. Kwamba uji wangu siku zile za kulia haukuwa na chumvi, ishara kwamba nilikuwa najua mume wangu atarudi. Kwamba kicheko changu kilikuwa cha dharau. Watu waliokuwa wamecheka pamoja nami sasa walikikumbuka kicheko changu upya, wakakisikia kingine. Na sidhani kwamba walikuwa wakidanganya. Naona waliamini kabisa.

Kisha ikafika asubuhi ya bomba.

Siku iliyotangulia, habari zilikuja kwamba wanaume wetu wamehamishwa kambi, hawapo tena karibu. Askari walikuwa wamepita laini wakimwaga unga chini wakitafuta sijui nini. Wanawake walikusanya unga ule na mchanga wake. Hakuna aliyeweza kumgusa askari. Hakuna aliyeweza kumgusa tajiri. Hasira ile yote iliamka nao asubuhi, ikaenda nao bombani, na huko ikanikuta mimi.

Niliweka debe langu kwenye foleni. Mtu akalisogeza kwa mguu. Nikalirudisha. Mwingine akalisogeza, mtu akacheka, na kile kicheko ndicho kilichofungua mlango. Nilisukumwa begani. Nilipogeuka kuona ni nani, nikasukumwa kutoka upande wa pili. Debe likapigwa teke. Kitambaa changu cha kichwa kikavutwa. Nilisikia sauti nisizozijua zikitoka kwa watu ninaowajua. Nikateleza kwenye tope, na jiwe likanipata juu ya jicho. Mpaka leo sijui lilitoka kwa nani. Siamini kwamba hata mmoja wa wanawake wale, kama angekutana nami peke yake njiani, angeokota jiwe. Lakini hapo hakuna aliyekuwa peke yake. Walikuwa mikono mingi, na mkono mmoja kati ya mingi hauoni kwamba ni wa mtu.

Mtoto alikuwa mgongoni, na nilipoanguka kanga ilifunguka. Nikamsikia akilia, kisha nikamsikia hayupo mgongoni. Niliinua kichwa. Mkunga alikuwa amemdaka. Alikuwa ndani ya kundi lile kama wengine, na kitambaa changu kilikuwa bado kimeshikwa na vidole vyake. Lakini mtoto alipokuwa anaanguka mikono yake ilikwenda yenyewe. Alimshika kifuani, akasimama hivyo, akihema. Kila mtu akasimama. Nikaamka, damu ikinitiririka, nikanyoosha mikono. Akanipa mtoto. Aliweka kitambaa juu ya jiwe la bomba, akaondoka, na wengine wakatawanyika mmoja mmoja wakitazama chini.

Mume wangu aliponiona alichukua panga.

Nilisimama mlangoni. "Unakwenda kwa nani?"

"Kwa wote."

"Hakuna mtu anayeitwa wote. Ukitoka hapo utawakuta mama wa watu, mmoja mmoja, ndani ya nyumba zao. Utampiga yupi?"

"Wamekutoa damu!"

"Na ukiwapiga, watasema walijua tangu mwanzo kwamba wewe ni msaliti. Utakuwa umewapa kile wanachokitafuta."

Kisha akalichoma panga kwenye gogo la kupasulia kuni kwa nguvu hata ilituchukua siku nzima kulitoa. Kuanzia hapo alipungua maneno. Alilima, alirudi, alikula, alilala. Wanaume waliobaki hawakumwambia lolote baya, wala zuri.

Kulikuwa na mama mmoja kwenye laini ambaye alikuwa na kigugumizi. Watu walimpenda, lakini walimfanya wa kuchekea. Akianza kusema neno, watoto walimmalizia. Hakuwa rafiki yangu kuliko wengine, na katika miezi ile alikuwa amenyamaza kama wote. Asubuhi moja, kwenye kibanda cha kukaushia maua, tulikuwa tumepanga mstari kila mmoja na kikapu chake kusubiri nyapara aje kupima. Nilisimama mwisho, na nafasi kubwa mbele yangu kama kawaida. Yule mama akatoka mahali pake, akabeba kikapu, akakileta akakiweka karibu na changu mpaka vikagusana.

Akaanza kunisalimu. Neno likakwama. Akarudia, likakwama tena. Shingo ilimkaza, macho yakamtoka, na kibanda chote kikanyamaza kumsubiri. Safari hiyo hata watoto hawakummalizia. Ilimchukua muda mrefu sana kuniuliza habari ya asubuhi, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kujifanya hakusikia.

"Nzuri, mama," nikasema. "Habari yako?"

"Nnn-nzuri."

Hakuna kilichotokea. Paa halikuanguka. Hakuna aliyempiga wala kumtenga. Nadhani hilo ndilo lililowashangaza. Siku ya pili, mwanamke wa nyumba ya mwisho aliniomba moto. Mwingine akaniuliza kama mtoto ameota meno. Katika majuma yaliyofuata wengi wao walinijia faraghani, kwenye kuni au njia ya mtoni, na kila mmoja alisema karibu maneno yale yale: "Mimi sikuwa na neno na wewe. Niliogopa wengine." Niliyapokea maneno hayo, lakini nilikuwa nikirudi nyumbani nikijiuliza hao wengine walikuwa nani, ikiwa kila mmoja wao hakuwa yeye.

Mkunga hakuja. Alinisalimu hadharani, kwa sauti ndogo, akapita.

Mumewe aliachiliwa mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini. Alirudi amekonda, sikio moja halisikii. Alipumzika, kisha jioni moja akabisha mlango wetu. Mume wangu alimtazama kwa muda kabla ya kumwachia nafasi ya kupita. Nikaweka chai. Walikaa wakitazama moto.

"Nilikufikiria sana kule," mgeni akasema. "Kila aliyefika kutoka pande hizi alituambia ni dereva aliyetuuza. Mmoja akisema ninakataa, wawili wakisema ninakataa. Waliposema wote, nikaamini. Nilikulaani kwa jina kila nilipokula."

Mume wangu alichochea moto.

"Kisha nilipangwa kazi na mtu aliyekuwa akifagia ofisi ya kambi siku ulipotolewa. Alikuwepo wakati tajiri alipokuja. Alisikia wakibishana juu ya trekta. Nikawaambia wenzangu. Wengine walifurahi. Wengine walinikasirikia, kama vile nimewaibia kitu." Akaweka kikombe chini. "Nimekuja kukuomba msamaha."

Tulimsubiri mume wangu. Nilitaka alie, au apige kelele, au amfukuze. Aliuliza polepole, "Kama wewe ndiye ungerudi kwa gari la tajiri, na mimi nikabaki kule, unadhani mimi ningefikiri nini?"

"Sijui."

"Mimi najua. Ningefikiri hivyo hivyo." Akamjazia chai. "Kunywa."

Sikuwahi kumsikia akisema jambo gumu kuliko hilo. Mimi bado nilikuwa na hasira yangu, na kwa muda nilimkasirikia hata yeye kwa kuwaachilia kwa urahisi hivyo. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa amewaachilia. Alikuwa amejitazama mwenyewe, na alichokiona kilimwogopesha.

Msimu uliofuata tulihama. Alipata kazi ya kuendesha lori mjini Nakuru, nasi tukapanga chumba karibu na stesheni, mahali ambapo hakuna aliyetujua. Siku ya kuondoka wanawake wa laini walinisaidia kubeba vyombo hadi barabarani. Mama mwenye kigugumizi alibeba kuku wangu kwapani. Waliongea sana, wote kwa pamoja, kama watu wanaoogopa kimya. Mkunga alitoka akasimama mlangoni pake. Mwanangu, ambaye sasa alikuwa amefika umri wa shule, alimkimbilia kuagana naye, kwa kuwa hakuwa na kumbukumbu ya chochote. Mkunga akamwinamia, akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama. Lori lilipopiga honi akamwachia, na mtoto akarudi kwangu mbio.